Mguu wa Ndani, Inchi Thelathini na Mbili

Jumatano, 7 Agosti 1996. Migori.

Nimepata njia! Asubuhi nimekuta tangazo limebandikwa ukutani pale posho mill, kwenye kinu cha unga. Mashindano ya Mambo Matatu, Homa Bay, Jumapili tarehe kumi na nane. Kuogelea ziwani, kuendesha baiskeli mpaka Rodi na kurudi, halafu kukimbia mjini. Yote siku moja, mtu yule yule. Wanaoandaa ni kamati fulani ya maji safi. Zawadi ya kwanza ni ng'ombe wa maziwa, tena ana mimba. Nimelisoma tangazo mara tatu. Mara ya nne nimemsoma ng'ombe peke yake.

Mimi ni fundi wa nguo, najua. Lakini umri ni miaka thelathini na minane tu, na kila siku nakanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jioni. Si hiyo nayo ni baiskeli, ila haiendi popote? Miguu yangu imekuwa mazoezini miaka kumi na tano bila mwenyewe kujua.

Nyangau naye alikuwa pale anasoma. Nyangau anatengeneza redio veranda ya pili kutoka kwangu, na hajawahi kuona kitu ninachokitaka asikitake. Akasema, "Hata mimi nitaingia, Fundi. Niko na ile blaki mamba yangu." Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Lile lichuma la kubebea magunia! Akasema kwanza atapitia kwa Mzee Elkana apimwe. Nikauliza apimwe nini, damu? Akasema mwili. Eti mtu hupimiwa baiskeli kama anavyopimiwa suti.

Kama suti! Na hapa Migori anayejua vipimo vya suti ni nani?

Mke wangu Rael hayupo. Tangu Jumatatu yuko Asumbi na binti yetu Kemunto, wamekwenda kumsaidia dada yake Terry aliyejifungua. Wanarudi tarehe kumi na tisa. Vizuri sana. Atafungua lango akutane uso kwa uso na ng'ombe.

Ijumaa, 9 Agosti.

Nimekwenda kwa Elkana Wangwe. Si kwamba nilihitaji. Nilisikia Nyangau ameandikisha jina lake apimwe Jumapili hii, nami sikubali kuwa wa pili hata kwa kupimwa.

Mzee Elkana ni Mkuria, mpole, Msabato wa kweli. Zamani alikuwa fundi wa timu ya baiskeli huko Nairobi. Siku hizi anaziba pancha karibu na daraja. Nilifika saa kumi na moja jioni nikidhani ni kazi ya dakika tano. Akanivua viatu! Akanisimamisha ukutani, akapima mabega, akapima mikono, akapima kiwiliwili, kila kitu akaandika kwenye jalada la daftari. Akanipandisha juu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo, akateremsha uzi wenye nati kutoka gotini mwangu, akapiga magoti kuangalia unaangukia wapi. Akanuna. Akapima tena. Mimi nampima mtu suti nzima kwa muda huo, na chai nakunywa.

Akasema nisinunue baiskeli yoyote kabla hajamaliza. Kiti kinaweza kushushwa, lakini fremu ikimkataa mtu imemkataa. Akasema kipimo kikubwa kuliko vyote ni mguu wa ndani, ndiyo maana anauacha mwisho. Akanipa kitabu cha jalada gumu nikibane juu kabisa katikati ya mapaja, niegemee ukuta, nisimame wima. Nikasimama wima. Akachukua tepu. Akatazama magharibi.

Jua lilikuwa linazama. Akaikunja tepu!

Nikasema jamani, kimebaki kimoja. Akasema, "Hiyo moja itakungoja Jumapili asubuhi, Fundi. Sabato imeingia." Nikamwambia nitashika tepu mwenyewe, yeye asome tu namba. Akasema kusoma namba ya kazi nayo ni kazi. Akafunga sanduku lake, akanitakia Sabato njema, akaenda zake. Mimi nimebaki pale ukutani, miguu mitupu, kitabu katikati ya mapaja, na wauza nyanya wote wa darajani wananiangalia.

Jumapili haiwezekani. Kule Oyugis kuna mfanyabiashara anaitwa Duke ambaye ana baiskeli ya resi aliyoachiwa na Mholanzi mmoja aliyemaliza kazi yake. Matairi membamba, usukani wa kuinamia. Jumapili hiyo hiyo kuna mtu wa Kisii anakuja kuitazama. Lazima iwe kesho.

Jumamosi, 10 Agosti.

Imekwisha! Iko ndani, hapa mbele yangu. Nyekundu.

Kipimo kilichobaki hakikunisumbua. Ninacho kitabu changu cha wateja tangu mwaka wa themanini na tano. Ukurasa wa kwanza kabisa: Monari, suti ya harusi, kiuno thelathini na moja, mguu wa ndani thelathini na mbili. Nilijipima mwenyewe kwa mkono wangu. Hapo nikaongeza inchi moja, kama ninavyoziongezea sare za wanafunzi. Nguo inayokutosha leo itakubana kesho. Thelathini na tatu.

Nimefika dukani kwa Duke na tepu yangu shingoni. Nimepima kutoka chini mpaka kwenye mwamba wa baiskeli, lile bomba la juu. Thelathini na tatu kamili! Mwili ulinisisimka. Sikuipanda. Fundi hahitaji kuvaa koti la mteja ili ajue litamtosha.

Sasa hili la malipo. Duke alikuwa ameshatuma salamu kwamba hataki kitu kingine ila cherehani, kwa sababu mkewe Dorah anataka kuanza kushona. Yangu sikuweza kuitoa, ndiyo duka. Ikabaki ya Rael.

Naandika polepole hapa. Cherehani ile alipewa na mama yake, marehemu Mama Nyasuguta, mwaka tuliooana. Mama aliinunua kwa pareto aliyoichuma mwenyewe mlimani kwao. Rael huifunika kila jioni kwa kitambaa alichokitarizi. Asubuhi hii niliitoa kwa mkokoteni mpaka stejini.

Lakini tumepatana vizuri! Duke ameapa hataiuza wala kuitoa mpaka Jumatatu tarehe kumi na tisa. Nikishinda, yeye atachukua ng'ombe, mimi nachukua cherehani, na baiskeli inabaki yangu. Rael anashuka stejini jioni, cherehani iko mahali pake, imefunikwa. Hatajua kamwe. Duke aliuliza, "Na ukikosa?" Nikamcheka usoni.

Nilipokuwa nikiondoka, Dorah alikuwa tayari anaifuta kwa kanga yake, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto. Nikahisi kitu kifuani. Nikasema ni njaa. Nikala chapati mbili. Hakikutoka.

Jumapili, 11 Agosti.

Misa nimekosa. Nimejaribu baiskeli.

Sijui nianzie wapi. Nikisimama nayo katikati ya miguu, visigino haviko chini. Nikishuka ghafla, mwamba unanipata mahali ambapo hata kwenye shajara sitapataja. Nikiwa juu ya kiti, pedeli nazigusa kwa vidole tu. Nimeshusha kiti mpaka kimekataa kushuka. Ni jambo la kuzoea. Suti mpya nayo hukaza.

Saa tatu, hodi! Mzee Elkana, na tepu, na kitabu cha jalada gumu. Amekuja mwenyewe kumalizia kazi! Niliisukuma baiskeli nyuma ya majora ya kaki nikakaa mlangoni. Nikamwambia nimeahirisha kununua. Akafurahi, akasema basi anipime kabisa niwe tayari. Nikasema siwezi kubana kitabu, nina jipu. Akauliza wapi. Nikaonyesha paja la ndani. Akasikitika kweli kweli. Akasema ana dawa ya majani, ataniletea.

Kumdanganya mzee aliyetembea na jua lote hilo kwa ajili yangu! Nilijisikia vibaya hadi saa nne. Halafu nikachungulia nje nikamwona Nyangau amesimama wima ukutani kwake, kitabu katikati ya mapaja, anatabasamu huku anapimwa. Hapo nikasahau kujisikia vibaya.

Jumanne, 13 Agosti.

Mazoezi. Nimegundua kwamba kupanda si tabu ukipata jiwe. Kuna jiwe zuri karibu na kanisa. Kwenda pia si tabu. Tabu ni kusimama. Miguu haifiki chini, kwa hiyo nikitaka kusimama lazima nipate kitu cha kukumbatia. Leo nimekumbatia nguzo ya stima, lori la mchanga lililoegeshwa, na mwishowe kibanda cha mboga pale darajani. Kibanda kikaanguka. Mwenyewe akapiga kelele, "Yawa! Hii baiskeli ni yake ama ni ya baba yake?" Wakacheka hadi waliokuwa ng'ambo ya mto.

Mzee Elkana ameleta dawa ya jipu. Nimeshukuru. Inanuka.

Mchana alikuja Nyamoita, mteja wa Rael, kuchukua gauni lake. Rael aliliacha limekatwa, halijashonwa. Nimelishona mimi, kwenye cherehani yangu. Nyamoita akaligeuza mikono, akaangalia mshono kwa ndani. Akasema, "Huu si mkono wa Mama Kemunto." Akatazama pembeni kule cherehani hukaa, nikamsogelea kumkinga asione. Jioni nimepanga makatoni pale mahali. Bado panaonekana ni mahali pasipo na kitu.

Alhamisi, 15 Agosti.

Rael amenitumia salamu na ndizi kwa konda wa gari la Asumbi. Terry hajambo, mtoto ni msichana, Kemunto anakula vizuri. Na kuna agizo: "Mwambie Baba Kemunto asisahau kutia cherehani yangu mafuta. Kiangazi hiki itakauka."

Nimechukua kopo la mafuta. Nimekwenda nalo mpaka kwenye makatoni. Nimesimama hapo nalo mkononi kama mpumbavu. Mwisho nimetia kwenye cheni ya baiskeli.

Sijapata kujiona mwizi maisha yangu yote. Leo nimejiona.

Niliamua kusema. Kweli niliamua! Mzee Elkana alipokuja na dawa nyingine nilimpa kiti, nikafunga mlango, nikafungua kinywa nimweleze yote, anisaidie kuirudisha baiskeli kabla mambo hayajaharibika zaidi. Ndipo Nyangau akapita nje na lile lichuma lake. Mgongo umenyooka. Magoti yanapanda na kushuka bila haraka. Akasimama mbele ya duka kunisalimia, mguu mmoja ukakaa chini tuli, kisigino na vidole vyote. Anafanya makusudi!

Nikafunga kinywa. Mzee akauliza nilitaka kusema nini. Nikasema dawa inasaidia.

Jumamosi, 17 Agosti. Homa Bay.

Nimefika, baiskeli juu ya kariya ya gari. Nimepata chumba kwa mtu wa kwetu karibu na soko.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Sijui kuogelea. Mimi nimelelewa milimani Nyamira. Maji yenye kina kuliko yote niliyoyaona utotoni ni dipu ya kuogeshea ng'ombe. Lakini hilo nilishalipigia hesabu tangu siku ya kwanza. Magugu! Ghuba yote imefunikwa na magugu maji, boti hazitoki, wavuvi wanalia. Nani ataogelea katikati ya magugu? Lazima wataiondoa sehemu hiyo. Wiki nzima kila msafiri anayetoka Homa Bay nimemuuliza magugu hayajambo. Nadhani mkoa mzima ni mimi peke yangu ninayeyaombea afya.

Jioni nimekwenda gatini kutazama. Kijani kitupu mpaka macho yanapoishia! Ndege wanatembea juu yake. Nimekula samaki mzima kwa furaha.

Jumapili, 18 Agosti.

Naandika nimelala kifudifudi kwa sababu kukaa siwezi.

Alfajiri upepo uligeuka. Magugu yote yalihamia upande wa pili, yakaacha maji meupe, safi, mapana, mita mia mbili kutoka gatini mpaka kwenye mtumbwi wenye bendera. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Lakini niliingia! Tulikuwa arobaini na mmoja. Kwa bahati fungu moja la magugu lilikuwa limesahaulika na wenzake, likielea peke yake. Nikalikumbatia, nikapiga miguu. Msimamizi kwenye mtumbwi alinifokea niliache. Nikamwambia anionyeshe sheria inayokataza magugu. Alikosa. Nilitoka majini wa mwisho, lakini mzima, nimebeba konokono kwenye nywele.

Nikasema sasa ni zamu ya baiskeli, sasa wataona. Hakuna jiwe! Ufukwe mzima mchanga. Nikaomba mama mmoja anayeuza omena, dagaa wa ziwani, aniazime kreti nipandie. Akasema, "Haya panda, wuoda, mwanangu, lakini unirudishie," akanishikilia kiti, akanisukuma. Mungu ambariki.

Mpaka karibu na Rodi nilikwenda vizuri. Ni kweli, nilipita watu saba! Kumbe upande ule kuna msimamizi ambaye kila mtu lazima asimame kwake apigwe muhuri mkononi, ndipo azunguke pipa na kurudi. Asimame! Nikamzunguka mara ya kwanza nikimnyooshea mkono. Akanikosa. Mara ya pili akanikosa. Mara ya tatu akapiga muhuri shati. Akasema shati halihesabiki. Mara ya nne nikalikumbatia pipa lenyewe tukaanguka wote wawili, mimi na pipa, na mwamba ukanipata palepale pa siku zote.

Nimepigwa muhuri nikiwa chini.

Kupanda tena nikashindwa. Magoti yalikuwa yamekufa, nyonga zinawaka, na kando ya barabara hapakuwa na jiwe lolote. Nimeikokota. Kutoka Rodi hadi Homa Bay, kwa miguu, natafuta mahali pa kupandia, na kila nikipapata siwezi kuinua mguu. Nyangau, aliyekuwa amekwisha maliza, alirudi kunitazama kengele ikilia. Hakucheka. Alipunguza mwendo akauliza kama nimeumia. Afadhali angecheka.

Ng'ombe amechukuliwa na mwalimu mmoja wa Ndhiwa. Nyangau amekuwa wa nne, amepata mabati sita. Mimi nilifika wakati wanakunja viti.

Mzee Elkana alikuwepo, alimsindikiza Nyangau. Akanimwagia maji kichwani. Akaitazama baiskeli, akaitazama miguu yangu, kisha akaitazama tena baiskeli. Hakuuliza habari za jipu. Akasema tu, "Pole, Fundi."

Kesho ni Jumatatu.

Jumatatu, 19 Agosti. Migori.

Rael amerudi.

Nilikuwa nimepanga maneno. Cherehani imekwenda kwa fundi, inafanyiwa sevisi, ilikuwa inakata uzi. Maneno mazuri. Aliingia saa tisa, akamketisha Kemunto, akaona makatoni. Akayaondoa moja moja, akayapanga nje. Sakafuni kuna alama nne za miguu ya cherehani, saruji imelika kwa miaka kumi na moja. Nikaanza kusema habari za sevisi. Akaigeukia baiskeli iliyoegemea ukuta.

Nikasema yote. Duke, ng'ombe, Oyugis, yote.

Sikuulizwa kwa nini. Sikufokewa. Angenifokea ningejua la kufanya. Aliuliza jambo moja: kastabini ya mama yake iko wapi, ile ya kuvaa kidoleni. Mama Nyasuguta alikufa akiwa nayo kidoleni, na Rael huiweka kwenye droo ya cherehani.

Droo sikuifungua. Sikufikiria hata kuifungua. Wala sikujua kwamba imo.

Halafu akachukua tepu yangu kutoka shingoni mwangu. Akasema, "Simama." Nikasimama. Akanipima mguu wa ndani, haraka, kama anavyopima mtu ambaye vipimo vyake anavijua. Ishirini na tisa.

Nikasema haiwezekani, ni thelathini na mbili, iko kwenye kitabu, suti ya harusi. Akasema, "Baba Kemunto, ile suti niliipandisha pindo inchi tatu siku ya kuamkia harusi. Ungeingia kanisani unaikanyaga." Nikauliza, na zile nyingine? Akasema zote. Hapa dukani mimi hukata, yeye humalizia, pindo na vifungo. Kila suruali niliyojikatia kwa miaka kumi na moja, ameikata inchi tatu, akaipinda, akainyoosha kwa pasi, akanitundikia. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliona ninavyofurahi nikivaa.

Nimelia. Naandika hivyo hivyo kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Si kwa ajili ya baiskeli.

Jumatano, 21 Agosti.

Rael alikwenda Oyugis jana bila kunichukua. Hakuzungumza na Duke, alizungumza na Dorah. Wakakaa uani wakanywa chai. Dorah hakuwa amejua kwamba cherehani ni ya mke wa mtu, tena ya urithi. Aliposikia alitaka kuirudisha papo hapo, ila Duke akasema lazima baiskeli ije kwanza.

Wakakubaliana hivi. Baiskeli irudi Oyugis kabla ya Jumapili jioni, tarehe ishirini na tano, na cherehani itapanda gari kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ikipita Jumapili, inabaki kwa Dorah moja kwa moja. Shule zinakaribia kufunguliwa, sare za watu anazo mkononi, naye hawezi kuanza kazi bila kujua kama cherehani ni yake au si yake. Ni haki. Hata mimi naona ni haki.

Rael amerudi na kastabini kidoleni. Leo amefanya kazi kutwa nzima kwa mkono, ameketi mkekani pale pale penye zile alama nne. Nimempa cherehani yangu atumie. Amesema haijui.

Ameniambia mara moja tu: Jumamosi niende. Nimeapa. Nimeapa kwa jina la mama yake. Nilimaanisha kila neno.

Jumamosi, 24 Agosti. Rongo.

Nimetoka nyumbani asubuhi na baiskeli kwenda Oyugis. Rael alinifungia chakula. Kemunto akanipungia mkono. Nilipita kwa Mzee Elkana kumwomba msamaha kwa habari ya jipu. Akanisamehe hata kabla sijamaliza, akakaza breki zote bure ili Duke asipate la kusema. Akasema, "Rudisha, Fundi. Haikuwa yako." Njia nzima nilijisikia mwepesi. Nimejuta vya kutosha wiki hii, nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Hapa Rongo nilishuka kubadilisha gari. Ukutani kuna tangazo. Mashindano ya baiskeli, Ndhiwa, kesho Jumapili. Baiskeli tu! Hakuna ziwa. Hakuna muhuri, nimeuliza, kuna tepe tu mwishoni. Na zawadi ya kwanza? Cherehani. Mpya! Ya miguu, na meza yake na droo mbili.

Nimekaa chini kando ya barabara nikafikiri vizuri, bila haraka, kama alivyo mtu aliyejifunza. Nilimwona Rael mkekani na sindano mkononi. Roho iliniuma sana. Hapo ndipo nikajua la kufanya. Mwanamke aliyepandisha mapindo yangu miaka kumi na moja kimya kimya anastahili mbili.

Habari ya ishirini na tisa nayo nimeitafakari. Rael alinipima siku ile nimejikunja kwa aibu. Mtu aliyejikunja hupungua, kila fundi anajua. Nikisimama sawasawa mimi si chini ya thelathini na moja. Na ile siku ya Rodi nilikuwa nimelowa maji.

Dorah nimemwandikia barua nikampa konda wa gari la Oyugis. Nimemweleza kwamba gurudumu lina kasoro ndogo, nitafika Jumatatu asubuhi bila kukosa. Ni mama mwelewa. Siku moja haiwezi kumsumbua.

Rael nimemtumia salamu kwamba mambo yamekwisha na aniandalie nafasi pale pembeni. Sikumwambia nafasi ya cherehani ngapi.